Alama ya Reli

Kijana wa kampuni alikuja Jumanne,
akang'oa kisanduku cha zamani ukutani,
akatundika kipya, cheupe, chenye taa moja ya samawati.
"Unachomeka tu, mama."
Kisha akaiona mashine yako, Taisto,
akakuna kisogo: "Huu mfumo mimi siujui,"
akavaa glavu zake, akaenda zake.

Bili ya umeme ilibakiza siku mbili.
Nje saa sita mchana, na giza limekaa kitako;
huku Utsjoki jua huaga Novemba
nasi hatulidai mpaka Januari.
Nikafungua lile dirisha jeusi
ulilokuwa ukiliinamia kila Jumapili
kama mtu anayechungulia kisima.

Nikapiga hodi nje, mbali,
kwa anwani uliyoniandikia.
Hodi.
Mwenyeji hafikiki.
Hodi.
Mwenyeji hafikiki.
Mara kumi na moja, nilihesabu.
Mashine hujibu bila hasira;
aliyepanda hasira ni mimi.

Daftari lako la kuni liko chini ya redio:
ukurasa huu mita za ujazo na bei ya trela,
ukurasa wa pili amri,
kwa penseli, kwa herufi kubwa,
kama unamwandikia mtoto.
Nilinuna siku ile. "Mimi si mtoto."
Ukasema, "Mashine ndiyo mtoto. Haijui kukisia."

Nikaandika ulivyoandika.
Ikadai nenosiri. Nikalichapa,
na hata nukta moja haikutokea.
Pembeni uliandika: haioneshi, lakini inasikia.
Nikacheka peke yangu jikoni.
Miaka arobaini na tatu ya kunywa kahawa pamoja,
kumbe ungeweza kujieleza kwa maneno matatu.

Faili likafunguka.
Mistari tisa tu.
Na juu yake, nyuma ya alama ya reli,
pale mashine hupita bila kusoma,
pasomwapo na watu peke yao:

# Kerttu, hapa usiguse.

Taisto, nimegusa.

Wewe, kabla ya nukta ya mwisho, uliandika sifuri.
Kibandiko chini ya kisanduku kipya kinasema moja.
Basi.
Tangu Jumanne mashine yako ilikuwa ikienda
kugonga lango lililokwisha kung'olewa,
kwa adabu, kwa uaminifu,
inarudi, inakwenda tena,
wala hakuna aliyeiambia kwamba pale hapana mtu.

Nilitoa mikono kwenye kibodi.
Nikateleka maji.
Nikaosha kikombe ambacho hakikuwa kichafu.

Ningeweza kufuta; kidole kilikuwa tayari.
Lakini daftari lasema, na umepiga mstari chini yake:
usifute, nyamazisha.
Nikaitia alama ya reli mistari yako miwili,
wa anwani na wa lango.
Ikafifia rangi palepale.
Ipo, inasomeka,
ila haitumwi tena kokote.
Chini yake nikaandika yangu.

Nikakosea, bila shaka. Nilisahau nukta,
na mtandao ukagoma kuamka,
ukanitupia aya nzima ya lawama
ambayo ungeisoma kwa sauti, ukitikisa kichwa.
Nikarudi. Nikaitia nukta.
Nikahifadhi. Nikaamsha upya.

Hodi.

Milisekunde thelathini na nane.
Kisha thelathini na saba.
Kisha mstari juu ya mstari, majibu yakashuka,
hata sikujua yanasimamishwaje,
nikayaacha yaendelee
mpaka kahawa ikapoa.

Umeme nimelipa, mpaka senti ya mwisho.
Halafu, kabla sijazima,
nikarudi kwenye faili, juu kabisa,
nikaongeza chini ya onyo lako,
nyuma ya alama ya reli,
pale mashine hupita bila kusoma:

# Nimegusa. Inafanya kazi. K.